Kitambuzi cha sukari kinachopandikizwa chini ya ngozi: mambo ya kuuliza kabla ya kusaini ridhaa

Dada yetu wa Njombe ameuliza jambo zito kwa maneno machache. Mdogo wake, mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya kwanza anayesoma Marekani, ameombwa kushiriki katika jaribio la kitabibu la kitambuzi cha sukari kinachopandikizwa mkononi, na familia inataka kujua kama akubali. Nimefanya kazi ya uuguzi katika utafiti hapa Mbeya kwa miaka mingi, hasa upande wa chanjo, na mimi mwenyewe ni mgonjwa wa kisukari ninayetumia insulini. Fomu ya ridhaa nimeisoma nikiwa upande wa anayeitoa na upande wa anayeisaini, na jibu langu linatoka huko.

Kwanza niondoe hofu ya kwamba kijana anafanywa mtu wa kwanza kujaribiwa kitu kisichojulikana. Kifaa maarufu cha aina hii, Eversense cha kampuni ya Senseonics, kiliidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwezi Juni 2018 kwa matumizi ya siku 90 kwa watu wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mwaka 2022 muda ukaongezwa hadi siku 180, na mwaka 2024 likaja toleo la mwaka mzima. Ni kijiti chenye urefu usiofikia sentimita mbili, ambacho daktari hukiingiza chini ya ngozi ya mkono wa juu kwa kuchana kidogo baada ya kuchoma ganzi. Ndani yake mna kemikali inayotoa mwanga kulingana na kiasi cha glukosi iliyopo, na juu ya ngozi mgonjwa hubandika kisambazaji kinachokipa kijiti nguvu, kinachopeleka namba kwenye simu, na kinachotetemeka mkononi sukari ikishuka au ikipanda kupita kiasi. Kisambazaji hicho hutolewa na kuchajiwa, jambo ambalo mwanafunzi anayeishi kwenye umeme wa uhakika halitamsumbua.

Sasa jaribio lenyewe. Kinachopimwa ni kama namba ya kitambuzi inakubaliana na sukari iliyomo kwenye damu, na njia ya kulijua hilo ni kumweka mshiriki kliniki kwa saa nyingi, kumwekea kanula kwenye mshipa, na kuchota damu kidogo kila baada ya dakika chache ili ipimwe kwa mashine ya maabara. Wakati huohuo chakula na insulini hurekebishwa kwa makusudi, chini ya uangalizi wa daktari, ili sukari ipande sana kisha ishuke, kwa sababu kifaa kinachopima vizuri pale tu sukari ilipo sawa hakina faida kwa mtu. Kwetu, habari za kuchotwa damu mara nyingi hivyo huamsha maneno ya mumiani. Nimewahi kukaa na wazee wa ukoo mchana mzima nikieleza kwamba mirija ile ni midogo na kwamba damu haiuzwi. Mwambie mdogo wako aulize jumla ya damu itakayochotwa kwa siku moja ya kliniki. Ni swali halali, na jibu lake huandikwa kwenye fomu.

Jambo ambalo ningependa familia ilielewe kuliko yote ni ile namba ya usahihi itakayotajwa. Katika jaribio la Eversense la Marekani lililoitwa PRECISE II, lililokuwa na washiriki 90, wastani wa tofauti kati ya kitambuzi na maabara ulikuwa asilimia 8.8. Ni namba nzuri, lakini wastani huo umechanganya sukari ya juu na ya chini, na hatari ya sehemu hizo mbili hailingani. Sukari yako ikiwa milimoli 15 kwa lita na kifaa kikasema 16.4, umekosewa kwa takribani asilimia tisa na uamuzi wako haubadiliki: utachoma insulini. Huku chini mambo ni tofauti. Kipimo kingine kinachotumika katika majaribio haya huhesabu kwamba kifaa kimepatia iwapo kimetofautiana na maabara kwa si zaidi ya asilimia 20, au kwa si zaidi ya milimoli 1.1 kwa lita pale sukari inapokuwa chini. Tafsiri yake ni kwamba mtu ambaye damu yake inasoma 3.3, yaani tayari anatetemeka na kutoka jasho, anaweza kuonyeshwa 4.4 na namba hiyo ikaingizwa kwenye orodha ya vipimo sahihi. Hakuna udanganyifu hapo, kwa kuwa kanuni zimeandikwa wazi. Ila mgonjwa anayesikia kwamba vipimo zaidi ya asilimia 90 vilipatia anafaa kujua neno "kupatia" limepewa nafasi kubwa kiasi gani. Kwa hiyo aulize: sukari ikiwa chini ya 3.9 kifaa hukosea kwa kiasi gani, na ni vipimo vingapi vilivyopatikana katika eneo hilo? Vipimo vya huko chini huwa vichache, maana hakuna daktari atakayemwacha mtu akae na sukari ya 3 ili apate takwimu.

Nasema haya pia kwa sababu ndugu yangu aliwahi kuniletea vitambuzi vya kubandika, vile vya kudumu wiki mbili. Vyote, vya kubandika na vya kupandikiza, havipimi damu yenyewe bali majimaji yaliyo kati ya seli, ambayo hufuata damu kwa kuchelewa dakika kadhaa. Ukiwa umekaa, hilo hulioni. Nikishika jembe shambani Uyole, sukari ikiporomoka haraka, kitambuzi kilikuwa bado kinanionyesha hali nzuri wakati mwili ulikwisha kunipa taarifa, na kipimo cha damu ya kidole kikathibitisha kwamba mwili ndio uliokuwa unasema kweli. Hata hivyo, sitaki nionekane navipinga. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu vidole huwa vya baridi kiasi kwamba unatoboa mara ya pili na ya tatu bado tone halitoki, na ukiwa na kitu kinachokusomea sukari usiku kucha bila kutoboa unalala vizuri, na mke wako pia.

Tofauti kubwa ya jaribio la kifaa cha kupandikiza na jaribio la vidonge iko kwenye kujitoa. Kila fomu ya ridhaa huahidi kwamba mshiriki ana haki ya kuacha wakati wowote bila kupoteza huduma zake za kawaida. Aliyekuwa anameza vidonge huacha kwa kutomeza. Mwenye kijiti chini ya ngozi anamhitaji mtu aliyefunzwa wa kukitoa. Kazi hiyo mara nyingi ni ya dakika chache, lakini kijiti kilichowekwa ndani zaidi huweza kuwa kigumu kukipapasa na kukipata. Katika PRECISE II liliripotiwa tukio moja zito lililohusiana na kifaa au utaratibu wake. Aulize nani atakitoa, wapi, kwa gharama ya nani, na itakuwaje iwapo atasafiri, mradi ukasimamishwa, au ukaingia usaha akiwa mbali na kituo.

Kusafiri nakutaja kwa makusudi, dada, kwa kuwa umeandika kwamba anatarajia kuja nyumbani likizo. Huko anaweza kuandikiwa doxycycline ya kujikinga na malaria, na huku anaweza kuandikiwa dawa hiyohiyo kwa kikohozi tu. Maelekezo ya Eversense yanaonya kwamba antibayotiki za kundi la tetracycline, ambamo doxycycline imo, zinaweza kukifanya kifaa kisome chini kuliko ukweli. Mtu akiona 3.5 ya uongo atakunywa soda, na sukari iliyokuwa sawa itapaa. Awaambie watafiti mapema kuhusu safari hiyo, aje na glukomita, yaani mashine ndogo ya kupimia sukari kwa damu ya kidole, pamoja na stripu zake, na asiache kutoboa kidole kwa sababu tu ana kijiti.

Kuhusu swali lako la mwisho, la lini kifaa hiki kitafika Njombe au Mbeya, matokeo mazuri ya jaribio hayatoshi kukileta. Kitahitaji kusajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, wataalamu waliofunzwa kukiweka na kukitoa, na bei ambayo mgonjwa wa kliniki ya wilaya anaimudu, wakati wengi wetu bado tunahesabu stripu hadi mwisho wa mwezi. Mdogo wako aulize pia kama atapewa kifaa baada ya jaribio kwisha, maana mara nyingi hakitolewi, na mtu aliyezoea kukitegemea hurudi kwenye kidole ghafla.

Binafsi, majibu ya hayo yakiwa yameandikwa na si kusemwa kwa mdomo tu, ningesaini. Akipenda, afute jina lake kwenye fomu na anitumie ujumbe wa faragha. Nitaisoma ukurasa kwa ukurasa na kumwekea alama palipoachwa wazi.