Fidla ya utumbo chini ya bati

Mwezi huu tumechagua barua tatu kuhusu fidla na vyombo vingine vya kale vya Ulaya, zote za mkoa wa Tabora.

SWALI: Julai tutatembelewa na wanamuziki watatu wa Dar es Salaam. Wanapiga muziki wa klasiki wa Ulaya wa karne ya 17 na 18 kwa vyombo vya zama zile: fidla ya nyuzi za utumbo, selo (fidla kubwa ya sauti nzito) na filimbi ya mbao. Tuna wanafunzi 320 na bwalo la saruji lenye paa la bati. Tukodi spika? (Mwalimu wa sekondari, Tabora mjini)

JIBU: Msikodi. Uzi wa utumbo wa kondoo una mkwaruzo mdogo pale upinde unapoudaka, na huo ndio unaotofautisha fidla ya kale na ya leo yenye nyuzi za chuma au za sintetiki. Ukipita kwenye spika za harusini, umekwisha. Watoto wenu wamesikia spika tangu wazaliwe.

Wagawe makundi manne ya 80, kila moja kipindi cha dakika 40. Anzeni saa 2 asubuhi, na wageni wapumzike nusu saa baada ya kundi la pili. Hivyo mtamaliza kabla ya saa 6, jua halijaanza kuliliza bati. Julai mmechagua vizuri: masika mvua ikipiga paa lile, hata selo haisikiki.

Jukwaa liacheni. Wapigaji wakae katikati ya ukuta mrefu, migongo mita moja kutoka ukutani, wanafunzi wawazunguke nusu duara juu ya mikeka, wa nyuma kabisa asizidi mita 8. Siku moja kabla, simama hapo upige kofi moja. Mlio ukiburura, tundikeni mablanketi ya bweni kwenye ukuta wa pili. Msizidishe, maana miili na sare za watoto 80 nazo hunywa sauti.

Jambo linaloharibu ziara nyingi ni kwaya kuungana na wageni bila maandalizi. Vyombo vya aina hiyo kwa kawaida hulinganishwa kwa noti ya A ya hezi 415, yaani mitetemo 415 kwa sekunde, wakati kinanda chenu cha umeme kiko 440. Tofauti ni nusu toni, yaani hatua ya kibonyezo kimoja cha kinanda. Fidla inaweza kukazwa kidogo, lakini filimbi imekwisha tobolewa, haipandi kiasi hicho. Kwa hiyo ni kinanda kitakachoshuka: tafuteni kitufe cha kuhamisha ufunguo (transpose), wekeni kutoa moja (-1). Fanyeni hivyo tangu wiki ya mazoezi, kwaya izoee.

Kama kuna mzee wa jirani anayepiga zeze, mwalikeni, na apige mara tu baada ya fidla. Akiwekwa mwisho atageuka kiburudisho cha kufungia shughuli. Ila mumuulize mapema zeze lake ni lipi, kwani jina hilo hubeba vyombo viwili: lile la ubao na kibuyu linalodonolewa kwa vidole, na lile la upinde. Yote mawili yanafaa. Mtoto aone kibuyu kinafanya kazi ileile ya sanduku la fidla, kisha aulize mwenyewe kwa nini umbo ni tofauti.

Wanafunzi wakaribie, watazame, waguse ubao wa mgongo wa fidla. Nywele za upinde wasiziguse hata kidogo. Ni za mkia wa farasi, na mafuta ya vidole yakizipata, rozini (utomvu mkavu unaopakwa kwenye upinde) haishiki tena na upinde unateleza bila mlio.

SWALI: Fidla ya shule yetu haishiki sauti tangu Juni. Tukikaza, kigingi kinarudi nyuma. Fundi seremala anasema tutie gundi. (Mlezi wa klabu ya muziki, Nzega)

JIBU: Gundi hapana, tafadhali. Kigingi kimechongwa kama karoti, na kiangazi mti hunywea, kikalegea tunduni. Toa kimoja tu. Utaona mikanda miwili inayong'aa pale kinapogusa mti. Ipake sabuni ya mche iliyokauka, kidogo sana, kisha chaki nyeupe juu yake. Rudisha, zungusha mara kadhaa. Unapovika uzi, mizunguko yake iende upande wa kichwa cha kigingi hadi karibu na ukuta wa kisanduku cha vigingi, ili uzi wenyewe ukivutie ndani. Wakati wa kukaza, sukuma huku ukizungusha. Wengi huzungusha tu.

Ukimaliza ndipo uende cha pili. Ukilegeza nyuzi zote kwa pamoja, daraja linalobeba nyuzi litaanguka, na pengine hata kijiti kilichosimama ndani chini ya mguu wake mmoja. Kijiti hicho hakikugandishwa, kinabanwa tu na mkazo wa nyuzi. Wafaransa hukiita roho ya fidla, na ukikisikia kikibingirika ndani utaelewa kwa nini. Kukisimamisha kunataka chombo maalumu na mkono uliozoea, wala si kazi ya waya wa hanga.

Katika kasha weka kopo dogo la plastiki lililotobolewa, lenye sponji iliyoloweshwa ikakamuliwa. Lisiguse mti. Unyevu wa asilimia 40 hadi 60 unatosha. Wala usiliache kasha ndani ya gari juani: gundi ya fidla hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, hulainika kwa joto.

SWALI: Shikamooni. Kwa nini hapsikodi hailetwi mashuleni? Ndiyo kinanda cha kanisani? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Urambo)

JIBU: Marahaba. Siyo hicho. Kinanda cha kanisani cha asili hulia kwa upepo, hapsikodi kwa nyuzi zinazodonolewa. Kila kibonyezo hunyanyua kijiti chenye ncha ndogo, zamani ya unyoya wa ndege, inayoudona uzi. Ndiyo maana ukibonyeza kwa nguvu au polepole, ukubwa wa sauti haubadiliki kwa kiasi cha kusikika.

Hailetwi kwa sababu ubao wake wa sauti una unene wa milimita chache tu. Upitishe kilomita 840 hivi, kutoka unyevu wa pwani hadi ukavu wa Unyamwezi, unaweza kupasuka. Mwombe mwalimu wako ubao, misumari miwili na waya mwembamba ulionyooshwa kati yake. Kata ncha ya unyoya mgumu wa bawa la kuku, uudone waya, kisha uugonge kwa penseli. Kudona ni hapsikodi, kugonga ni piano.