Jibu: cheni ya baiskeli ya injini inaruka, na oili nichanganye kiasi gani?

Mkuu, umesema umefunga injini ya tu-stroki kwenye baiskeli, cheni inaruka kila mara, na hujui kipimo cha oili. Nimeishi na baiskeli ya aina hiyo miaka kadhaa. Naanza na cheni, kwa sababu oili ukikosea utaua injini, lakini cheni inaweza kukuua wewe.

Sproketi ya nyuma (gurudumu la meno linalovutwa na cheni) ya seti hizi za injini za baiskeli haishiki kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Imebanwa kwenye spoku, raba ndani na nje, kwa bolti tisa. Ukikaza upande mmoja kwanza, inakaa kombo. Toa cheni, inua gurudumu la nyuma, egemeza bisibisi kwenye fremu ncha yake ikaribie meno ya sproketi, halafu zungusha taratibu. Meno yakiikaribia ncha na kuiacha, sproketi inapepea. Legeza bolti, kaza kwa kukingamana, yaani moja kisha ya upande wa pili, robo mzunguko kila moja, zungusha tena. Angalia pia kama imekaa katikati: cheni ikikaza na kulegea ndani ya mzunguko mmoja wa gurudumu, sproketi imesogea juu au chini. Kazi hii inachosha na inataka subira, lakini hakuna njia ya mkato. Spoku nazo zigonge kidole moja moja. Iliyolegea inalia tofauti.

Sasa kile kigurudumu kidogo cha kukazia cheni. Kimebanwa tu kwenye bomba la fremu. Mtetemo ukikilegeza, kinageuka na kuingia kwenye spoku, na gurudumu linajifunga ukiwa kwenye mwendo. Usikitegemee kukaza cheni ndefu. Punguza pingili za cheni, vuta gurudumu nyuma, kigurudumu kibaki kuiongoza tu. Cheni ikicheza kama sentimita moja hivi, inatosha.

Oili: tu-stroki ya seti hizi haina oili yake pembeni, inakunywa ile iliyo kwenye petroli. Wakati injini ni mpya, watu wengi huanza na 16 kwa 1 (petroli 16, oili 1), yaani kama mililita 60 kwa lita moja. Ikishazoea, mimi hutumia 25 kwa 1, mililita 40. Tumia oili ya tu-stroki, siyo ya gari. Na hili wengi hawaambiwi: ukishuka mlima mrefu umefunga mafuta huku injini ikivutwa na gurudumu, pistoni inazunguka kasi bila kupata oili. Bana klachi, au ipe mafuta kidogo kidogo.

Plagi, ile inayotoa cheche kwenye silinda, itakwambia mengine yote. Ifungue baada ya mwendo mrefu. Rangi ya kahawia iliyofifia ni nzuri. Nyeusi yenye unyevu, mafuta au oili imezidi. Nyeupe, simamisha safari: mara nyingi kuna hewa inaingia kwenye maungio ya kabureta na silinda, na ukiendelea hivyo pistoni itaungua.

Mtetemo wa injini hizi hauna huruma kwa nati. Tumia nati zenye plastiki ndani, paka gundi ya kufungia bolti zinazoshika injini kwenye fremu, na pitisha spana kabla ya kila safari ndefu. Bolti za kichwa cha silinda kaza injini ikiwa baridi, kwa kukingamana, bila kulazimisha, zinakatika upesi.

Breki usizifanyie ubahili hata kidogo. Baiskeli ile ilitengenezwa kwa kasi ya miguu. Weka breki mbele na nyuma, badilisha raba kabla hazijaisha, na swichi ya kuzima injini iwe mahali kidole gumba kinafika bila kuachia usukani.

Ukishapima sproketi, rudi uandike inapepea upande gani, na uweke picha ya plagi tuione.