Maswali na majibu: "Nimeambiwa chipu inahitaji saa 200 za kuzoeshwa (kuachwa ikipiga ili sauti itulie)"

SWALI: Shikamoo fundi. Nilijijengea amplifaya ya hedifoni kwa mchoro wa CMoy (mchoro maarufu wa amplifaya ndogo ya mfukoni): betri moja ya volti 9, rezista mbili za kiloomu 4.7 za kupata ardhi ya katikati (sehemu ya sifuri, nusu ya volti za betri), ukuzaji mara 11, chipu OPA2134. Ikapiga vizuri na simu. Baadaye nikasikia OPA627 ndiyo mfalme wa opampu (chipu za kukuza sauti kama hiyo yangu), nikaagiza mbili zilizokwisha lehemiwa kwenye kibodi cha kuchomeka, kwa bei ya chini mno. Sasa sauti imekuwa "nzito, ina joto", lakini nikichomeka hedifoni (omu 32) inagonga "tap!" na muziki ukipanda inakwaruza. Bila hedifoni, volyumu ikiwa chini kabisa, mita inasoma milivolti -214 kwenye towe (njia ya kutokea sauti) la kushoto na -187 la kulia. Ardhi iko karibu katikati: volti 4.5 juu, 4.3 chini. Muuzaji anasema ni kawaida, chipu izoeshwe saa 200. Nimefika 60. Niendelee, au tatizo ni kapasita zangu za bei rahisi?

JIBU: Marahaba. Kwanza chomoa betri, halafu tuzungumze.

Usizoeshe chochote na usinunue kapasita. Kinachoniuma ni kwamba jibu umelishika mwenyewe kwa mita yako, kisha ukakubali kuambiwa na mtu asiyeiona bodi yako kwamba ulichokisoma si kitu.

Chukua hiyo -214. Amplifaya yako inakuza mara 11, na katika mchoro huu inakuza umeme mnyoofu (DC, usiopanda na kushuka kama muziki) sawasawa na inavyokuza muziki, maana hakuna kapasita kwenye mguu wa rezista ya kiloomu 1 inayokwenda ardhini. Gawa 214 kwa 11, unapata milivolti 19.5 kwenye pini ya kuingilia. Zimetoka wapi? Si kwenye simu yako, kwa sababu kapasita ya maikrofaradi 0.1 inazuia umeme mnyoofu. Njia iliyobaki ni moja: rezista ya kiloomu 100 kutoka pini hiyo hadi ardhini. Milivolti 19.5 juu ya kiloomu 100 ni mkondo wa nanoampea 195, unaonyonywa na chipu yenyewe ili transista zake za mlangoni zifanye kazi.

Sasa fungua karatasi ya data ya OPA627. Milango yake ni ya FET (transista zinazoendeshwa kwa volti, karibu bila kunyonya mkondo), na mkondo wake wa kuingilia unahesabiwa kwa pikoampea: 1 kwa kawaida, chache zaidi kwa daraja la chini. Nanoampea 195 ni pikoampea 195,000. Tofauti ya ukubwa huo haiwezi kuitwa "chipu bado mpya". Ulichonacho kina transista za kawaida mlangoni, wala si FET. NE5532, chipu ya kila siku isiyo na makuu, inanyonya nanoampea 200 hivi. Siapi kwamba ndiyo uliyouziwa, ila OPA627 siyo, hata kama jina limeandikwa juu yake kwa leza na likang'aa.

Usiniamini kwa maneno. Rudisha betri, hedifoni zikae mbali, halafu unganisha kwa kipande cha waya pini ya kuingilia (ile yenye alama ya kujumlisha) moja kwa moja na ardhi ya katikati, yaani uiruke ile rezista ya kiloomu 100. Soma towe tena. Likianguka kutoka mia mbili hadi milivolti mbili tatu, mshtakiwa amekiri: ni mkondo wa mlangoni. Likibaki palepale, basi nimekosea, na utafute lehemu iliyoshika juujuu au chipu inayojipigia yenyewe kwa masafa ya juu, jambo ambalo vibodi vya kuchomeka vyenye miguu mirefu hulipenda sana. Hiyo ya pili utaijua kwa chipu kuwa ya moto bila muziki, na namba kwenye mita kuyumba ukisogeza kidole karibu.

Na hata zingekuwa halisi, ulikuwa unazinunulia nyumba isiyo yao. OPA627 imepimwa na kuandikwa kwa kuanzia volti 4.5 kila upande, jumla 9. Betri yako sasa ina 8.8 na inaendelea kushuka. OPA2134 uliyoing'oa inaruhusiwa hadi 2.5 kila upande. Kwa betri moja ya volti 9, huyo "mfalme" wako anashuka chini ya kiwango chake mara betri inapoanza kuchoka, na chipu ya bei nafuu ndiyo iliyokuwa mahali pake. Hili linapatikana kwenye ukurasa wa mwanzo mwanzo wa karatasi ya data, bure.

Kukwaruza je? Hapa ndipo mambo yanapendeza. Unasema ardhi yako iko karibu katikati, 4.5 kwa 4.3. Hiyo "karibu" ilikuwa tayari inakunong'oneza, lakini kosa kubwa ni kwamba ulipima bila hedifoni. Ukichomeka, milivolti 214 na 187 zinakutana na omu 32 kila upande: zinataka kuvuta miliampea 12.5 kwa pamoja kutoka kwenye ardhi ya katikati. Ardhi hiyo imeshikiliwa na rezista mbili za kiloomu 4.7, ambazo hata ukizikamua hadi mwisho hazitoi miliampea 2. Kwa hiyo ardhi inaanguka. "Tap!" unayoisikia ni kapasita zako kubwa zikijimwaga kwenye masikio yako, halafu ardhi inakwenda kukaa karibu na upande hasi wa betri na chipu inabaki bila nafasi ya kupumulia chini. Wimbi la muziki likishuka linakatwa, likipanda linapita. Wimbi linalokatwa upande mmoja tu linazaa sauti za ziada, na mwanzoni, muziki ukiwa wa chini, masikio mengi huziita "joto" na "uzito". Ulikuwa unafurahia ajali.

Ajabu ni kwamba unyonge wa ardhi yako ndio uliookoa hedifoni zako. Ungekuwa na betri mbili, au kigawa umeme cha TLE2426 kinachomudu miliampea 20, ardhi isingeanguka, sauti ingekuwa safi zaidi, na upande wa kushoto ungepitisha miliampea karibu 7 za umeme mnyoofu saa zote 60. Hazichomi koili kwa siku moja, ila ngozi ya spika inasukumwa pembeni na kushikiliwa huko, nayo imeumbwa kucheza katikati. Na usingesikia chochote cha kukutahadharisha.

Kuhusu saa 200. Nasikia jambo hili karibu kila wiki na uvumilivu wangu umekwisha. Ndani ya chipu hakuna bawaba ya kulainika. Ni silikoni, ikiwashwa inapata joto lake kwa dakika chache na kutulia. Kapasita za elektroliti zilizokaa muda mrefu bila umeme huvuja kidogo zinapowashwa kisha hujirudi, nayo pia ni suala la dakika, si wiki. Kinachobadilika kwa saa 200 ni masikio yako, yanayozoea. Tena piga hesabu: kwa saa mbili kwa siku, 200 ni siku 100. Muda wa kurudisha bidhaa utakuwa umepita zamani. Sijui kama muuzaji wako aliipanga namba hiyo kwa makusudi, lakini kwa kweli imempendelea.

Nikiwa palepale, niseme na wale wanaobadilisha chipu moja baada ya nyingine kwa kuonja. Soketi ni kitu kizuri, nami naitumia, lakini imefanya watu waichukulie opampu kama viungo vya mchuzi: hii ina utamu, ile ina ukali. Opampu nzuri zinazofanya kazi ndani ya mipaka yake, kwenye mzunguko uliopimwa, hutofautiana kwa kiasi kidogo mno kuliko wanavyohadithia. Ukisikia tofauti kubwa baada ya kubadilisha chipu, usikimbilie kushangilia. Mara nyingi moja kati ya hizo mbili inaumwa: inajipigia, imekosa volti za kutosha, au inafanya hiki chako. Na kama hakuna inayoumwa, hakikisha hukuongeza sauti bila kujua. Tofauti ya desibeli 1 sikio haliitambui kama "sauti kubwa zaidi". Linaitambua kama "nzuri zaidi". Cheza toni ya hezi 400 (mita nyingi za kawaida husema uongo masafa yakipanda), linganisha volti kwenye towe hadi zilingane kabisa, kisha mwambie mtu mwingine abadilishe bila wewe kuona. Wengi niliowashauri hivi hawakurudi kuniambia matokeo.

Kuna jambo moja nililolilipia mwenyewe. Miaka ya nyuma nilijenga amplifaya yenye transista za kusukuma towe, volti 12 kila upande. Ilipiga vizuri jioni nzima, nami nikaridhika, sikupima. Mguu mmoja wa rezista ya mrejesho (inayorudisha sehemu ya towe kwenye chipu ili kuidhibiti) nilikuwa nimeulehemu juujuu. Ulipoachia, chipu ikakosa breki na towe likaruka hadi mwisho wa umeme. Kulikuwa na mlio mfupi, harufu ya vanishi, kisha upande wa kulia ukanyamaza moja kwa moja. Volti 11 kwenye omu 32 ni zaidi ya wati 3 ndani ya koili nyembamba kama unywele. Namshukuru Mungu zilikuwa mezani. Tangu siku hiyo nina hedifoni moja chakavu niliyoipa jina la Kafara, na hakuna amplifaya inayogusa masikio yangu kabla haijapitia kwake. Na kabla ya Kafara kuna rezista mbili za omu 33 zilizolehemiwa kwenye plagi, kwa sababu kupima towe lisilobeba mzigo, kama ulivyofanya, ni kumuuliza mtu aliyekaa kama ana nguvu za kubeba gunia.

Kipimo changu ni hiki: chini ya milivolti 20 nachomeka, kati ya 20 na 50 natafuta sababu kwanza, ikipita 50 hedifoni hazisogei karibu. Vya kuchomeka ndani ya sikio, vyenye omu 16, navibana zaidi. Mita ya bei ya chini kabisa inatosha. Nashangaa mtu anayelipa pesa nyingi kwa kapasita "ya muziki" halafu anasema mita ni gharama.

Na chipu feki hazitaisha. Jina likipata sifa, kuna mtu atakwangua maandishi ya chipu ya bei ndogo na kuandika hilo. OPA627 imepata janga hili zaidi ya nyingi kwa sababu halisi ni ghali sana. Ukiona mbili pamoja na kibodi zinauzwa kwa bei isiyofikia hata nusu ya moja, hujapata bahati. Nunua kwa wasambazaji wanaoidhinishwa na mtengenezaji, na kwa chipu yoyote ya FET tumia kipimo kilekile: soma volti juu ya rezista ya kiloomu 100. FET halisi itakusomea sifuri. Hakuna leza inayoweza kughushi hiyo.

Sasa kazi yako. Rudisha OPA2134. Ukitaka kuboresha kitu kweli, punguza ukuzaji: mara 11 ni mwingi kwa simu na hedifoni za omu 32, ndiyo maana volyumu yako pengine hukai nayo zaidi ya robo, mahali ambapo pande mbili za potenshiometa (kirungu cha volyumu) hazilingani vizuri. Badilisha rezista ya mrejesho kutoka kiloomu 10 hadi 2, upate mara 3. Mlio wa "shhh" utapungua pamoja nao. Kama unataka kuzitumia hizo feki kwa kujifunza, ambalo si wazo baya, weka rezista ya kiloomu 10 badala ya ile ya 100 na kapasita ya maikrofaradi 1 badala ya 0.1, ili besi ibaki palepale. Milivolti zako mia mbili zitashuka hadi 20 hivi, na ukuzaji ukiwa mara 3, chini ya 10.

Chomeka zile rezista za omu 33, soma matowe mawili na pande mbili za ardhi, yote yakiwa na mzigo. Kwa OPA2134 tegemea milivolti chache tu. Ukipata zaidi ya 20, niandikie hizo namba nne. Maelezo ya sauti yasubiri kwanza.