Mkunga unayetaka kusoma masta, nenda na swali lako kutoka leba

Wadogo zangu wakunga wa huku nyanda za juu kusini, kuanzia Kyela, Rungwe na Mbozi mpaka Mafinga na Njombe, mnaniuliza sana kuhusu masta, nisome wapi, ada ikoje, nikirudi napanda cheo au vipi. Nami huwa naanza na kuwauliza, we umeona nini leba ambacho kinakunyima usingizi? Kama huna jibu usijaze fomu bado, endelea kukaa na akina mama, jibu litakuja tu.

Mi langu lilikuwa damu. Hospitali moja niliyofanyia kazi huku Mbeya, ukifungua mafaili ya waliojifungua unakuta karibu wote wameandikiwa damu iliyopotea mls (mililita) 200, mama wa mtoto mdogo mls 200, mama wa mapacha mls 200. Wakati huohuo kanga mbili zimelowa chapachapa, nyingine imetupwa kwenye ndoo, damu nyingine imeshuka kwenye makintoshi, ile mpira ya kutandika kitandani, mpaka sakafuni, na zote hizo hazipimwi, mtu anaangalia kwa macho anaandika. Sisi tunasema mama anatoka damu kupita kiasi kuanzia mls 500, sasa kama macho yanasema 200 basi dawa inachelewa, dripu inachelewa, daktari anakuja kuitwa mikono ya mama imeshakuwa ya baridi. Hilo ndo swali nililoenda nalo chuo, na ndo lililonibeba, maana kuna usiku unarekebisha proposali sapavaiza ameirudisha tena na unatamani kuacha kila kitu, halafu unaikumbuka ile ndoo.

Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, hospitali karibu 80 na wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Waliwawekea akina mama plastiki yenye alama za vipimo inayokinga damu, na damu ikizidi tu mkunga anafanya vyote kwa pamoja, anasinga tumbo la uzazi, oksitosini ya kulikaza, dawa ya traneksamiki ya kuzuia damu, dripu, anamkagua mama na kuita msaada. Madhara makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60 jamani! Kumbe kinachouma wodini kwako ndo hichohicho dunia inakitafutia jibu, na mkunga wa Tukuyu anaweza kukiuliza vizuri kuliko mtu wa mbali.

Sasa upande wa karatasi. Kutoka diploma huendi masta moja kwa moja, lazima upite digrii ya kwanza ya uuguzi au ukunga, na kwenye digrii hiyo ushike GPA, yaani wastani wa alama zako, isiyopungua 2.7. Masta yenyewe ni miaka 2, na vyuo vikuu vya MUHAS (Muhimbili, Dar) na UDOM (Dodoma) wote wana masta ya ukunga, kwa hiyo kwa sisi wa Mbeya ni Dar, zaidi ya kilomita 800, au Dodoma kwa kupitia Iringa. Ongea na mwenzi wako na wazazi mapema kuhusu watoto watabaki na nani, hili watu wanalichukulia kirahisi halafu semista ya kwanza simu haziishi. Wengine watakushawishi usome afya ya jamii kwa sababu ina soko, sawa, ni kozi nzuri, ila kama roho yako iko leba soma ukunga, nchi hii inahitaji wakunga waliobobea wanaobaki kushika akina mama.

Na ambaye masta bado, usidharau mafunzo kazini. Mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua yalipoletwa kwenye hospitali 8 za Tanzania, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kuzaliwa vilipungua kwa asilimia 47, hiyo ilichapishwa 2013. Lakini kule hospitali ya Haydom, Manyara, waliona kwamba semina ya siku moja peke yake haibadilishi mikono ya mtu, mabadiliko yalikuja walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini. Hilo halihitaji posho wala ukumbi. Asubuhi mkimaliza kupokeana ripoti, chukua mdoli, ambu (ule mfuko wa kusukuma hewa) na maski, kila mmoja abonyeze mpaka kifua cha mdoli kinyanyuke, dakika chache tu mnaingia kazini. Mimi nimerudi na masta na bado nabonyeza mdoli na wanafunzi, na nimeomba nisiwekwe ofisini siku zote.

Kitu cha mwisho ni ruhusa, na hapa wengi wanakwama. Kama umeajiriwa halmashauri, jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo, usiende kuomba ruhusa ya masomo ukiwa umeshapata chuo na begi limefungwa. Barua inapita kwa inchaji, matroni, mganga mkuu wa wilaya ndo ifike kwa mkurugenzi, na bajeti inayoanza Julai hupangwa miezi mingi kabla. Kwa hiyo andika wiki hii, baki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa, na leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ihuishe kama kawaida hata ukiwa chuo.