MR2 ya 2001: V6 ya Harrier au 2ZZ?

Ndugu, umesema 1ZZ, injini ya kiwandani ya Toyota MR2 yako, inakula oili, na fundi anakushawishi ufunge V6 ya Harrier, yaani injini ya silinda sita. Inawezekana, watu wameifanya, ila kwa gari lako mimi naipinga. Gari lina uzito wa takriban tani moja na injini iko nyuma ya viti. Ukiongeza uzito pale, ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona mkia unataka kupita mbele.

Tafuta 2ZZ-GE, ile ya Celica yenye giaboksi ya gia sita. Ni ndugu wa 1ZZ, inashika hata giaboksi yako ya sasa, na inakupandisha kutoka farasi 138 hadi 180 hivi. Chukua na kontroo boksi yake pamoja na waya, maana ya 1ZZ haiwezi kuendesha mfumo wa kuinua valvu zaidi unaoamka kwenye mizunguko kama 6,200 kwa dakika. Huo ndio utamu wenyewe!

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji afungue kava ya valvu. Zitazame bolti za roka (vipande vinavyosukuma valvu): za injini za mwanzo hulika, na zikilika mfumo huo hauamki, injini haibadiliki sauti kwenye mizunguko ya juu. Badilisha klachi injini ikiwa bado chini. Rejeta iko mbele na mabomba yanapita chini ya gari, kwa hiyo toeni hewa yote kwenye maji, msiharakishe.

Namba mpya ya injini ipeleke TRA irekebishwe kwenye kadi.