Everest au Chimborazo?
Mnabishana mlima upi ni mrefu kuliko yote duniani, mmoja anasema Everest, mwingine Chimborazo. Nyote wawili mko sahihi ndugu zangu, inategemea mnaanzia kupima wapi. Kutoka usawa wa bahari, Everest ndio mrefu kuliko yote: mita 8,849. Lakini dunia inajizungusha, kwa hiyo imetuna kwenye ikweta. Chimborazo wa Ekuador una mita 6,263 tu, ila uko karibu kabisa na ikweta, na kilele chake kinazidi cha Everest kwa kilomita 2 hivi ukipima kutoka katikati ya dunia. Raha zaidi ni kwamba wanasayansi Wafaransa La Condamine na Bouguer walikwenda nchi hiyohiyo miaka ya 1730, wakahangaika na vipimo milimani miaka mingi, na kazi yao ikathibitisha kwamba dunia kweli imetuna.