Intaneti Haijaiua Programu Yako

Juma lililopita kijana mmoja aliniandikia kwamba programu aliyoitengenezea duka la dawa hujifunga ghafla kila inapowasiliana na seva, na kwamba ameshamweleza mwenye duka kuwa tatizo ni mtandao. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niweke kando kazi niliyokuwa nayo. Niliwahi kuyatamka mimi mwenyewe, kwa sauti ya mtaalamu, ndani ya duka la vipuri vya magari katika Barabara ya Kirinyaga, na mpaka leo nikiyakumbuka uso hunipata moto.

Mzee mwenye duka hilo alinipa kazi ya kumwandikia programu ya kutoa ankara na kuhesabu bidhaa zilizo ghalani. Niliiandika kwa lugha ya C++ na Qt, maktaba ya kutengenezea madirisha ya programu na kuwasiliana na mtandao, nikaijaribu nyumbani kwangu Rongai kwa wiki nzima, na haikuonyesha doa. Siku ya tatu baada ya kuisimika dukani, karani akanipigia simu: "Kaka, hii kitu imejifunga tena." Kuna siku ilijifunga mara moja, na kuna siku ilijifunga mara tano kabla ya saa saba mchana. Nilipouliza hali ya intaneti nikaambiwa kwamba adhuhuri huwa inakokota, nami papo hapo nikatoa hukumu. Mzee alinisikiliza, akavunja mkataba na kampuni iliyokuwa ikimpa huduma, akalipia nyingine ya bei ya juu zaidi, na Jumatatu iliyofuata programu ikajifunga saa nne asubuhi. Hakunigombeza. Alisema tu, mbele ya karani na wateja wawili waliokuwa wakisubiri bereki pedi, "Kijana wangu, sasa tubadilishe nini, umeme?" Wakacheka wote, na mimi nikajifanya nacheka.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba jibu lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Windows ilikuwa ikiandika katika orodha yake ya matukio, kila mara programu ilipojifunga, namba 0xC0000005. Namba hiyo maana yake ni kwamba programu imegusa sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta isiyokuwa na ruhusa ya kuigusa. Haihusu waya, wala ruta, wala kampuni ya intaneti. Mtandao ukikatika, Qt hukuletea kosa lenye jina, kwa mfano kwamba seva haikupatikana au muda wa kusubiri umekwisha, na programu iliyoandikwa vyema humwonyesha mtumiaji ujumbe kisha ikaendelea na kazi. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, sote hapa Nairobi tuliona kurasa zikichukua dakika nzima kufunguka, lakini kivinjari chako hakikujifunga hata mara moja kwa sababu ya uzito huo. Waliokiandika walitarajia kwamba jibu linaweza kuchelewa au lisije kabisa.

Mimi sikutarajia. Nililielewa hilo siku nilipokubali hatimaye kwenda dukani na kuketi nyuma ya karani tangu asubuhi, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama nisingekuwa na kiburi. Karani alikuwa akijaza ankara, anabofya Tuma, na kabla ya seva kujibu anabonyeza Escape ili kulifunga dirisha na kumhudumia mteja anayefuata, kwa kuwa foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nyumbani kwangu jibu lilikuwa likirudi kabla sijainua kidole, kwa hiyo sikuwahi kulifunga dirisha mapema. Dukani jibu lilichukua sekunde nne au tano, na lilipofika lilikuta dirisha limeshabomolewa. Fanksheni yangu, yaani kipande cha programu cha kulipokea jibu, ilikuwa bado imeshikilia anwani ya dirisha hilo, ikaenda kuandika "Imetumwa" mahali ambapo hapakuwa tena na kitu. Wakati mwingine kumbukumbu hiyo ilikuwa bado haijapewa kazi nyingine, kwa hiyo kosa lilipita kimyakimya, na ndiyo maana programu ilijifunga kwa nasibu iliyonifanya niamini kwamba ni mtandao.

Usiku ule niliijenga upya programu kwenye Linux nikiwa nimewasha AddressSanitizer, chombo cha kunasa makosa ya kumbukumbu, ambacho huwashwa kwa kuongeza -fsanitize=address wakati wa kukompaili, yaani kuugeuza msimbo kuwa programu inayoendeka. Programu hukimbia kwa takriban nusu ya kasi yake, lakini inapogusa kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa husimama palepale na kukuonyesha mambo matatu: mstari ulioigusa, mstari ulioiachilia, na mstari uliokuwa umeiomba hapo mwanzo. Wiki tatu za kubahatisha zikaishia katika dakika moja. Ukitumia Visual Studio, inayo pia tangu toleo la 2019 lilipofika 16.9, kwa hiyo usiniambie kwamba huna Linux.

Tiba yenyewe ilikuwa fupi. Katika Qt, unapoiunganisha ishara ya finished, inayotolewa ombi linapokamilika, na fanksheni isiyo na jina, ipe connect, amri ya kuunganisha, dirisha lenyewe kama hoja ya tatu, kabla ya fanksheni, na dirisha litakapokufa muungano utakatika wenyewe. Mimi nilikuwa nimeiacha hoja hiyo kwa sababu msimbo ulikompaili bila malalamiko. Aidha, usilifute jibu kwa delete ukiwa ndani ya fanksheni inayolipokea, tumia deleteLater, ambayo hulifuta baadaye fanksheni ikishamaliza.

Hata hivyo, kwa kuwa nilitaka kujionyesha nimekomaa, niliongeza abort katika fanksheni ya kulibomoa dirisha ili ombi lililo njiani lisitishwe, na programu ikajifunga tena, safari hii kila mara. Sikujua kwamba abort nayo hutoa ishara ya finished, na hutoa papo hapo. Nilikuwa nimeiweka chini ya mstari wa delete ui, unaofuta vitu vya dirisha, ambao Qt Creator, kihariri cha Qt, huuandika yenyewe, kwa hiyo ishara ilifika nyumba ikiwa imeshaezuliwa paa. Tenganisha ishara kwanza, ndipo usitishe ombi, ndipo ufute vilivyobaki. Hilo lilinigharimu Jumapili nzima, na sikumsimulia mzee.

Kulikuwa na kosa la tatu, dogo, ambalo naona haya kulitaja: nilikuwa bado natumia HTTP, njia ya mawasiliano ya mtandao isiyosimbwa, na bando lilipokwisha kampuni ya intaneti ilirudisha ukurasa wake wa kununua bando, tena kwa namba 200 ya mafanikio. Msimbo wangu ulitarajia JSON, muundo wa kupangia data, ukapata orodha tupu, ukaomba kipengele chake cha kwanza. Nilihamia HTTPS, iliyosimbwa, na kuanza kukagua kila ninachopokea.

Programu hiyo ilikaa miezi 14 bila kujifunga tena. Mzee alinilipa salio langu lote, lakini alipofungua tawi la pili kazi alimpa mtu mwingine, na sina haki ya kumlaumu. Kwa hiyo wewe kijana wa duka la dawa, na wengine mlio kama yeye, acheni tabia hii ya kumtupia mteja mzigo kabla hamjasoma namba ya kosa. Someni namba ya kosa. Mteja hana njia ya kujua kama mnasema kweli, na akigundua baadaye hatawagombeza, atanyamaza tu na kutafuta mwingine. Ketini na anayeitumia programu, mtazame vidole vyake, kisha msome namba ya kosa.

Na kabla hujaipeleka dukani, ifanye intaneti ya nyumbani kwako iwe mbovu kwa makusudi. Kwenye Linux, amri ya tc qdisc add dev wlan0 root netem delay 3000ms, ukiiendesha kwa sudo na kuweka jina la kadi yako ya mtandao mahali pa wlan0, huchelewesha kila pakiti ya data inayotoka kwa sekunde 3. Tuma ankara, funga dirisha, fungua jingine, zima Wi-Fi katikati, rudia mpaka uchoke. Ukimaliza, iondoe kwa tc qdisc del dev wlan0 root. Mwezi jana niliisahau, nikakaa karibu nusu saa kwenye simu nikiwafokea wahudumu wa kampuni yangu ya intaneti.